Mota ya Waipa Si Kruzi Kontroli

Nimekuwa kimya karibu miezi miwili, na huenda wengine wenu mlidhani nimeacha kuandika. La. Nilikuwa chini ya dashibodi ya Subaru, kurunzi mdomoni, nikitafuta waya mmoja. Leo nataka kueleza nilikuwa nikifanya nini huko, kwa nini nimekibomoa chote nilichokijenga, na kwa nini naamini kwamba wengi wetu tunaoandika programu kwa riziki hatufai kuachiwa gari na spana kwa wakati mmoja. Mtanikasirikia. Sawa tu.

Gari lenyewe ni Impreza WRX ya mwaka 1999, rangi ya buluu (ndiyo, najua, kila kijana wa Kenya anataka ya buluu). Iliingia nchini kabla haijafikisha miaka minane kama sheria inavyotaka, ikapita mikononi mwa watu kadhaa, kisha mjomba wangu akaniuzia kwa bei ya kifamilia. Sitaki kusikia hotuba kuhusu Subaru na vijana. Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000, na mtu wa umri wangu aliyelelewa Ukambani na wajomba waliosimulia magari hayo kila Pasaka hakuwa na namna ya kupona ugonjwa huu.

Kazi yangu iko Nairobi, kwetu ni Wote, na mama yangu mdogo yuko Kitui. Kwa hiyo karibu kila wikendi nina safari: Mombasa Road hadi Emali kisha napanda Wote, na mara nyingine nateremka Kibwezi, navuka mto Athi, nakwenda Ikutha, Mutomo, Ikanga hadi Kitui. Wanaoikumbuka njia hiyo ya pili enzi za vumbi jekundu hawaamini wakiiona leo. Lami nyororo, magari machache, barabara inanyooka mbele yako mpaka unasahau kwamba una mguu. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Kwa nini mguu wangu wa kulia ufanye kazi ambayo kompyuta inaweza kuifanya?

Kwa wasiojua: kruzi kontroli ni kifaa kinachoshika mwendo. Unafika kilomita 90 kwa saa, unabonyeza kitufe, unaondoa mguu, na gari linabaki 90. Subaru yangu haikuja nayo. Magari mapya yana akseleta ya umeme, na kwa baadhi yake kuongeza kruzi kontroli ni kufunga swichi na kuiamsha programu iliyokwisha kuwemo. Langu lina kebo. Ukikanyaga, kebo inavuta kilango cha hewa kwenye injini. Ili kompyuta iendeshe gari la namna hiyo, lazima kitu cha chuma kiivute kebo kwa niaba yako.

Vifaa vya kununua vipo. Kampuni ya Rostra ya Marekani, kwa mfano, imeuza kwa miaka mingi vifaa vya kufunga kwenye magari ya zamani. Nilitazama bei, nikaongeza usafirishaji na ushuru, nikacheka. Mimi nina digrii ya sayansi ya kompyuta. Nina Arduino kwenye droo. Nilisoma nadharia ya udhibiti muhula mzima. Nitajenga mwenyewe!

Na ukweli ni kwamba upande wa hesabu ni rahisi kiasi cha kukutia kiburi. Magari mengi ya Kijapani ya enzi hiyo yana sensa ya mwendo inayozunguka mara 637 kwa kilomita na kutoa mapigo manne kila mzunguko. Yaani mapigo 2,548 kwa kilomita. Ukiwa kwenye 80, unapata mapigo kama 57 kila sekunde. Unayahesabu, unapata mwendo, unalinganisha na mwendo unaoutaka, unaipa tofauti hiyo algoriti ya PID, inakuambia uvute kebo kiasi gani. Mistari 40 ya kodi. Niliiandika jioni moja, chai haijapoa.

Sasa kitu cha kuvuta kebo. Nilinunua mota ya waipa iliyotumika, imara, ya bei ya chini, yenye nguvu za punda. Nikatengeneza mkono wa bati, nikaunganisha na kebo kwa mnyororo mwembamba, nikampelekea fundi mmoja pale Wote anisaidie kuifunga karibu na injini. Mzee huyu hajawahi kuandika mstari hata mmoja wa kodi. Aliishika ile mota, akajaribu kuuzungusha ule mkono kwa vidole vyake. Haukusogea.

"Kijana wangu," akasema, "stima ikipotea, hiki kitu kinarudi vipi?"

Nikamjibu, "Fundi, programu ndiyo inakirudisha. Ukigusa breki tu, kompyuta inajua."

"Na kompyuta ikilala?"

Nikacheka kwa adabu, nikamwambia haitalala. Akatikisa kichwa, akafunga boliti zangu, akachukua pesa yake. Fundi huyu ndiye mhandisi pekee katika hadithi hii, na ninaomba muikumbuke hiyo sauti yake mpaka mwisho.

Mota ya waipa ina gia ya skrubu ndani. Skrubu inazungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuizungusha skrubu. Kwa kazi ya waipa hilo ni jambo zuri: upepo hausukumi waipa zako kioo kizima. Kwa kazi niliyoipa mimi ni kaburi. Ukiikatia umeme, hairudi. Inakaa palepale ilipofika, imeshika kebo, na kilango cha hewa kiko wazi. Injini kwa kawaida huwekewa springi imara za kufunga kilango hicho, mara nyingi zaidi ya moja, ili moja ikikatika nyingine ifunge. Watu waliobuni gari walifikiria hilo kabla sijazaliwa. Mimi nikaja na mota inayozishinda springi zote.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa raha tupu. Kutoka Kibwezi nilibonyeza kitufe, mwendo ukasimama kwenye 90 kama umepigiwa msumari, nikapiga video ya dashibodi (kosa lingine, naam) na kuwatumia wenzangu wa kazini. Mmoja akajibu kwamba gari ni kompyuta yenye magurudumu, hakuna la ajabu. Nilikubaliana naye kwa muda wa kama dakika 20.

Kabla ya kufika Ikutha kulikuwa na msichana na punda watatu waliobeba mitungi ya maji, wanavuka. Walikuwa mbali. Nikagusa breki. Hakuna kilichobadilika. Nikakanyaga, gari likapunguza kidogo lakini nilihisi injini inanisukuma mgongoni. Nikaachia, nikakanyaga tena, na hapo breki ikawa ngumu kama ukuta. Nilielewa sababu baadaye: breki za gari dogo husaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini, na kilango kikiwa wazi mvuto huo unakufa. Unabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili. Mimi niliitumia yote kwa kupampu. Nikakanyaga klachi, injini ikapiga mayowe mpaka kwenye kikomo chake, nikarudisha ufunguo hatua moja (hatua moja tu, ukifika mwisho usukani unaweza kujifunga), kisha nikabana breki kwa miguu yote miwili. Gari likasimama. Sitawaambia umbali, kwa sababu sikupima, na kwa sababu ninapoufikiria huwa unapungua kila mara.

Msichana aliniangalia, akawapiga punda fimbo, akaenda zake. Kwake nilikuwa dereva mwingine wa gari la buluu.

Nilikaa kando ya barabara nikaunganisha laptopu. Kodi haikuwa na mdudu wowote katika ule mtindo tunaouzoea. Kilichotokea, kadiri nilivyoweza kukijua, ni kwamba mota ilipovuta umeme mwingi, volti ilishuka, Arduino ikajiwasha upya. Ikaamka kama mtoto mchanga: haijui mwendo uliowekwa, inaamini kebo imelegea, inasubiri kitufe. Nilipogusa breki, ilisoma breki vizuri kabisa, ikaangalia kumbukumbu zake, ikaona hakuna cha kuachia kwa sababu kwa hesabu yake haikuwa imeshika kitu.

Sasa nifikie hoja, maana hadithi za kuponea chupuchupu kila mtu anazo.

Katika kazi yetu tumejifunza tabia moja mbaya na tumeipa majina mazuri. Tunatoa kitu kikiwa nusu, tunangoja kivunjike, tunarekebisha. Kwenye tovuti hilo lina maana. Ukurasa ukianguka, unauinua. Lakini ukiisoma miongozo ya kujifungia kruzi kontroli nyumbani, utakuta kurasa na kurasa za kurekebisha zile namba tatu za PID ili mwendo usipandepande, na kuhusu kuachia, sentensi moja: programu isome swichi ya breki. Hiyo sentensi moja ndiyo kazi yote. Kushika mwendo ni tatizo lililotatuliwa zamani. James Watt aliweka gavana ya mipira inayozunguka kwenye injini ya mvuke mwaka 1788, na James Clerk Maxwell akaandika hesabu zake mwaka 1868. Ralph Teetor, mhandisi Mmarekani aliyepofuka akiwa na miaka mitano, alipata hataza ya kifaa chake cha kudhibiti mwendo mwaka 1950, na Chrysler wakakiweka kwenye magari yao ya mwaka 1958. Hawakuwa na Arduino hata mmoja kati yao.

Angalia jinsi kruzi kontroli nyingi za kiwandani za enzi ya kebo zilivyojengwa. Mota haishiki kebo moja kwa moja. Kati yao kuna klachi ndogo ya sumaku ya umeme, na umeme wa sumaku hiyo unapita kwenye swichi ya breki kabla haujaifikia. Ukikanyaga breki, waya umekatika. Kompyuta haiulizwi. Inaweza kuwa imelala, imechanganyikiwa, imeungua, haidhuru: sumaku imekufa, springi inafunga kilango. Waya mmoja na springi moja. Hilo ndilo jibu la swali la fundi wa Wote, na lilikuwa limejibiwa miaka mingi kabla yangu na watu ambao hawakuniamini mimi wala kodi yangu.

Kwa hiyo sisemi kwamba kazi hii ni ya makanika pekee na sisi turudi kwenye viti vyetu. Upuuzi. Mtu wa kawaida mwenye subira anaweza kufunga kruzi kontroli nyumbani kwake na ikawa salama. Nasema kwamba kama huwezi kunionyesha kwa kidole waya unaokatika, usinionyeshe kodi. Na kama gari lako lina tabo na umeamua kutumia kifaa cha mvuto wa hewa badala ya mota, nionyeshe pia akiba ya mvuto na vali yake, kwa sababu tabo ikianza kusukuma, mvuto huo haupo. Na kama umebadilisha balbu za breki ukaweka LED kwa ajili ya urembo, jua kwamba baadhi ya vifaa hivi husoma breki kupitia ule uzi wa balbu ya zamani, na vinaweza kukataa kufanya kazi. Afadhali vikatae.

Lakini hata ungeifunga vizuri kuliko kiwanda, nina swali la pili, na hili ndilo litakaloniletea maadui. Ya nini?

Mombasa Road sehemu kubwa ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Kutoka Salama hadi Mtito Andei unafuata malori, unapita malori, unapunguza kwa matuta ya Emali, unapunguza tena Makindu. Kruzi kontroli utaiweka na kuiondoa mpaka kidole kiume kuliko mguu. Wanaosema inaokoa mafuta wajaribu kwenye vilima vya kwetu, ambapo kifaa kinang'ang'ania 90 kwenye mpando huku dereva mwenye akili angeliacha gari lipungue kidogo na kulipata tena kwenye mteremko. Na barabara ya Kitui, ambako inafanya kazi vizuri, ndiko inakodhuru zaidi. Huko barabara haina magari, ina watu. Ina punda, mbuzi, watoto wa shule, bodaboda isiyo na taa. Kitu kinachokuondolea mguu karibu na breki na kukunyima shughuli ndicho kitu cha mwisho unachohitaji hapo.

Wiki ile ile binamu yangu, ambaye huendesha matatu kati ya Wote na Machakos, aliniomba nimsaidie na kile kidhibiti mwendo chake. Mnajua maana ya "kusaidia". Tangu tarehe 1 Februari 2004, kanuni za marehemu John Michuki zilipoanza kazi, matatu haziruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa na lazima zifungwe kidhibiti. Nikampa hotuba ya maisha ya abiria. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Binamu, wewe umefunga mashine ya kukimbia bila hata kukanyaga, na mimi unaniambia themanini?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Kidhibiti mwendo na kruzi kontroli ni ndugu wa tumbo moja. Sensa ileile, hesabu ileile. Kimoja kinazuia mwendo usipande, kingine kinazuia usishuke. Cha kwanza kinaacha mguu wako kwenye akseleta na akili yako barabarani. Cha pili kinaviachia vyote viwili. Na sisi wenye magari binafsi, sisi tuliopiga makofi Michuki alipowabana watu wa matatu, tumechagua kununua cha pili na kumlazimisha maskini kufunga cha kwanza. Kwa sheria, mimi na Impreza yangu tunaruhusiwa kumpita binamu yangu na abiria wake 14 hapo nje ya Wote. Kwenda 100 badala ya 80 ni kubeba nguvu ya mgongano iliyozidi kwa asilimia 56. Na kabla mguu haujafika kwenye breki, tukisema unachelewa sekunde moja na nusu, kwa 80 umekwenda mita 33, kwa 100 karibu 42. Mita hizo nane na kidogo ni urefu wa punda watatu na msichana.

Mtaniambia gari binafsi lenye kikomo ni ndoto za kikomunisti. Impreza yangu ilitoka Japani ikiwa na kikomo cha 180, kwa sababu watengenezaji wa huko walikubaliana hivyo. Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024, unataka kila gari jipya linalouzwa liwe na mfumo unaomwonya dereva au kumpunguzia anapopita kikomo cha barabara, na dereva anaweza kuushinda akitaka. Hakuna aliyekufa kwa aibu. Kwa nini sheria yetu ianze na kuishia kwa matatu, mabasi na malori? Na kwa nini sisi wataalamu, wenye sensa na droo zilizojaa Arduino, tushindane kujenga kifaa cha kuchezea badala ya hiki?

Mota ya waipa nimeirudisha kwa fundi. Aliipokea bila neno, akaiweka kwenye rafu, na nilipomweleza yaliyotokea alisema tu, "Ulisema haitalala." Arduino nimeiacha garini. Inahesabu mapigo yaleyale 57, na nikipita 80 inapiga kelele ya kuudhi kwa spika ndogo niliyoing'oa kwenye saa ya ukutani. Haijagusa kebo wala breki. Ikijiwasha upya, kelele inakatika na hakuna kingine. Kodi yake ni mistari 11. Mwenzangu wa kazini, yule wa kompyuta yenye magurudumu, alipanda nami hadi Emali wiki iliyopita na tulipofika Sultan Hamud alikuwa ameniuliza mara tatu swichi ya kuizima iko wapi.

Haina swichi. Binamu naye amesema atakuja Jumamosi aisikie, na kwamba kidhibiti chake hajakigusa, bado.